Niliacha basi la kampuni nishushe presha, Dilala nzima ikatangaza nimefukuzwa kazi

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Naandika kutoka Kolwezi, huku Lualaba, Kongo. Jukwaa hili nilionyeshwa na madereva wa Kitanzania wanaokuja kubeba shaba. Walikuwa wanalisoma kwenye foleni ya malori huku wakicheka peke yao, nikaona lazima kuna utamu.

Kiswahili changu ni cha Katanga. Nimejitahidi kukinyoosha kwa ajili yenu, lakini watu wa mtaani kwangu nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Ninayoyasema hapa yamenipata mimi mwenyewe. Mke wangu amekaa kando yangu anasoma kila mstari, na yeye si mtu wa kuacha uongo upite.

Sasa sikilizeni.

Mimi ni dereva wa lori la mgodini. Si haya ya barabarani. Ni lile kubwa ambalo tairi lake linanizidi kimo, sisi tunaita benne. Miaka kumi na moja nimekaa juu kule, nawatazama watu wote kwa chini.

Nina miaka arobaini na tisa, na nina kitambi. Nilikuwa nacho, mke wangu anasema niandike "nilikuwa nacho".

Kitambi nakitaja kwa sababu huku kina heshima yake. Mtu wa mgodi akiwa mwembamba, watu wanamuuliza mke wake kama kuna tatizo. Wakwe wakija wanakitazama kwanza kitambi ndipo wanakusalimia. Mimi changu nilikilea vizuri, kwa bia na kwa makayabu, yaani yule samaki mkavu wa chumvi ambaye ukimloweka usiku kucha asubuhi bado ni chumvi tu.

Basi mwaka huu mambo yakaharibika. Bei ya kobalti ikaanguka, na kampuni yetu, jina siandiki kwa sababu bado nataka kuajiriwa katika mji huu, ikatukusanya na kutuambia itapunguza watu. Orodha itatoka. Lini? Haikusema. Nani? Haikusema.

Kuanzia siku ile hakuna aliyelala. Mtu unakula huku unajiuliza kama jina lako limeshaandikwa.

Siku tatu baadaye kampuni hiyohiyo ikatuletea mtaalamu wa stress.

Aisee, sikutegemea. Alikuja na kompyuta yake, akatuonyesha ukutani picha ya bahari, akatuambia tufumbe macho, tuvute hewa safi polepole kwa pua. Nje ya dirisha malori yalikuwa yanapita na vumbi linaingia. Tukavuta. Nusu ya chumba tukaanza kukohoa. Akasema ni vizuri, mnatoa mambo ya ndani.

Akamaliza kwa kutuambia kila mtu ashike hatamu ya afya yake. Wakubwa wa kampuni wakapiga makofi. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anaandika orodha.

Wiki ileile ikaangukia kwenye vipimo vya mwaka. Huku kwetu ukiwa dereva wa benne, kila mwaka daktari wa kampuni anakupima, anaandika kama unafaa au hufai. Hufai, unashuka. Kwa hiyo watu wote wana dawa zao za kumdanganya daktari. Siku ile foleni nzima ilinuka kitunguu saumu. Kuna jamaa alikunywa maji ya ndimu lita nzima, akaitwa mara tatu hayupo, yuko chooni.

Mimi nilitafuna vitunguu saumu vitatu vibichi nikaingia kifua mbele.

Daktari akanifunga kile kitambaa mkononi. Akapima. Akafungua, akafunga upya, akapima tena. Akanitazama.

"Tata Kalonji, hii tension ni ya mutu mwenye alikufa zamani, paka habayamuambia."

Tata ni mzee, Kalonji ndiye mimi, na tension ndiyo presha, wakuu; alisema ni ya mtu aliyekufa zamani, ila tu hajaambiwa. Ilikuwa kumi na nane kwa kumi na moja, yaani 180 kwa 110 kwa hesabu ya huko kwenu.

Akaniambia nisipande benne. Nikae kwenye ghala la vifaa nihesabu glavu, kazi nyepesi, kwa wiki sita. Akanipa vidonge, akasema kila siku kimoja, nipunguze chumvi, nipunguze bia, nitembee. Baada ya wiki sita atanipima upya. Ikishuka atasaini, isiposhuka nishuke mimi.

Hapa lazima niwaambie jambo moja, ndio mjue kwa nini niliogopa.

Babu yangu aliletwa huku kutoka Kasai kuja kuchimba. Baba yangu akazaliwa kwenye nyumba za mgodi, akafanya kazi kampuni ya zamani maisha yake yote. Siku moja wakamletea barua nyumbani kwamba kazi yake imekwisha. Mimi nilikuwepo, nina miaka kumi na saba. Aliisoma mara mbili. Akaikunja vizuri kabisa, akaiweka mfukoni, akaomba maji. Nilipoingia na kikombe alikuwa ameshaanguka. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka hamsini na moja.

Hakuna aliyewahi kumpima. Walisema amelogwa na jirani, na yule jirani maskini alihama.

Sasa mimi nasubiri barua ya namna ileile, na mwili wa namna ileile. Niliogopa wakuu, sina haja ya kuficha.

Mngefikiri mtu aliyeogopa hivyo angefuata maneno ya daktari.

Wapi.

Vidonge nilimeza siku mbili, nikajisikia vizuri, nikaviweka akiba. Nilijiambia nitavimeza siku kichwa kikiuma, si ndivyo tunavyofanya na dawa zote? Chumvi niliona haraka ya nini, wiki sita ni nyingi. Nikachagua lile pendekezo la mazoezi, kwa sababu tayari nilishajua pa kwenda.

Huku kila mtaa una timu ya veterani. Ni wanaume wa makamo wanaocheza mpira Jumapili asubuhi kabla au badala ya kanisa. Kapteni wa timu yetu ni Tata Ilunga, kiongozi wa zamu kazini kwetu, mtu wa watu, kitambi chake kinafika kwenye mpira kabla yake. Nilipomwambia nina tension akanikumbatia. Akasema nimefika nyumbani, timu nzima ina tension.

Mpira wenyewe ulikuwa dakika thelathini, kumi na tano kila upande. Nilifunga goli moja, golikipa alikuwa kwenye simu.

Halafu kukaanza kipindi cha tatu.

Kipindi cha tatu, wakuu, hakina refa. Viti vya plastiki, kreti za bia, na michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma inayokatwa mbele yako na kuchovywa kwenye chumvi na pilipili. Tulicheza nusu saa, tukakaa saa sita. Tata Ilunga alisimama akatoa hotuba kuhusu umuhimu wa michezo kwa mwanaume aliyefika umri wetu, chupa mkononi. Tulimpigia makofi, nami nilipiga sana.

Nilifanya hivyo Jumapili mbili. Nilirudi nyumbani nimechoka, nimelewa, na nimeridhika kabisa kwamba nashughulikia afya yangu.

Mke wangu, Mama Ngalula, hakusema neno. Ni mwanamke wa Kikasai huyo, akinyamaza ujue anapanga. Jumatatu ya tatu akaenda soko la Manika, kwenye duka la Tata Ramazani, Mwislamu mmoja wa Maniema anayeuza kila kitu kuanzia betri hadi mashuka, akarudi na mashine ya kupimia presha. Akaniketisha mezani kabla sijala.

Kumi na tisa kwa kumi na moja. Imepanda!

Nikasema mashine ya dukani hiyo, haifai. Akajipima yeye. Kumi na mbili kwa saba. Akampima binti yetu Ngalula. Kumi na moja kwa saba. Akairudisha kwangu. Kumi na tisa.

Akakaa. Akasema, bila kupaza sauti:

"Baba Ngalula, mi sitaki kukuletea maji mu kikombe nikukute chini. Niliolewa na mutu, sikuolewa na historia ya baba yake."

Nililia kidogo, na hilo nalo ameniambia niandike.

Akanipeleka zahanati ya jirani asubuhi ileile. Nesi alipoona akiba yangu ya vidonge alicheka mpaka akamwita mwenzake aje aone. Akanieleza kwamba hii dawa si ya kichwa, ni ya kila siku, uwe unaumwa au huumwi. Nimeze, nitembee taratibu, na wiki ijayo nirudi aone. Nyumbani makayabu yakahamishiwa kwa shemeji. Kiungo cha mchemraba, kile cha supu kilichojaa chumvi, kikafukuzwa jikoni. Sombe, yaani kisamvu, ikaanza kupikwa bila chumvi ya maana, na wiki ya kwanza nilikuwa nakula nikitazama ukuta. Vidonge vikawekwa kwenye kopo la sukari, chai haiji mpaka nimeze na nifungue mdomo aone.

Na kutembea. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Basi la kampuni linatuchukua hapa Dilala, kwenye kona karibu na nyumba yangu. Linazunguka, linachukua wengine Manika, ndipo linakwenda mgodini. Nikafikiri vizuri: kwa nini nisitoke mapema, nitembee mpaka Manika, nipandie kule? Ni kama saa moja ya mwendo wa taratibu. Nguo za kazi naziweka kwenye begi. Mpango mzuri kabisa.

Nilisahau Mama Kapinga.

Mama Kapinga anauza mikate na makaa pale kwenye kona ya basi. Ni mama mwema, ila ndiye redio ya mtaa, na redio hii haihitaji betri. Siku ya kwanza akaniona napita kwa miguu, nimevaa fulana, chupa ya maji mkononi. Nikamsalimia. Muda wake ulipofika basi la kampuni likaja, likachukua wenzangu, likaondoka bila mimi.

Siku ya pili vilevile.

Siku ya tatu nikipita akanipa mkate bure, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, tata, Mungu iko." Mimi nikadhani anaongelea presha. Nikashukuru nikaenda zangu.

Na kumbe nilikuwa nimeanza kukonda. Hapo ushahidi ukakamilika: hapandi basi, anatembea kwa miguu, kitambi kinapungua. Nani atahitaji barua?

Jumamosi mchana nikasikia wimbo mlangoni. Kanisa langu lote la jirani, watu kama kumi, pasta mbele, na mfuko wa unga kilo ishirini na tano kichwani mwa shemasi. Waliingia wakiimba ule wimbo wa taratibu wa nyumba zenye msiba. Pasta akaomba kwa dakika nyingi, akimkemea shetani anayefukuza baba za watu kazini. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa chumba, kiatu kimoja mguuni.

Nikawaambia sijafukuzwa. Wakatazamana kwa huruma. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba ndivyo wanavyokuwaga mwanzoni, wanakataa.

Unga tuliula, wakuu. Mngetaka nimvunje moyo shemasi aliyeubeba kutoka mbali?

Ningecheka yaishe, lakini Jumatatu mkubwa wa kitengo akaniita. Akaniuliza kwa adabu sana kama ni kweli nimeacha kazi, kwa sababu ndivyo anavyosikia mjini. Nikamwambia mimi si nimesimama mbele yako, mkubwa?

"Nakuona, tata. Lakini dossier ya mutoto moja wa kukombola nafasi yako iko hapa pia."

Dossier ni faili, kukombola ni kuchukua nafasi. Yule kijana alikuwa mpwa wake Tata Ilunga, kapteni wangu. Nilipomkabili Ilunga hakuona aibu hata kidogo. Alisema alisikia nimeondoka, akaona afadhali kiti kibaki kwa mtu wa timu.

Jioni ile mashine ikasoma kumi na saba. Ilikuwa imeshashuka mpaka kumi na sita, uvumi ukaipandisha.

Nilitaka kuacha kutembea. Kweli kabisa. Nilikuwa tayari nife kwa presha kuliko kuonekana nimefukuzwa. Sijui nyinyi huko, lakini huku kwetu mtu anaweza kuvumilia ugonjwa, hawezi kuvumilia Mama Kapinga kumpa mkate.

Nilipita kwa Tata Ramazani kununua betri za mashine, nikamlalamikia. Yeye ni mtu wa miaka sitini na kitu, mkavu kama fimbo. Alinisikiliza huku anahesabu soksi.

"Mi natembeaka kila asubuhi ku musikiti," akasema. "Hakuna mutu aliniletea unga."

Nikamuuliza siri ni nini. Akasema yeye akitembea watu wanajua anakwenda wapi. Halafu akaniuliza kama nataka na soksi.

Nikarudi nyumbani nawaza hilo neno. Watu wajue naenda wapi. Basi! Nikapata akili, na akili yenyewe ndiyo hii: kesho yake nilitoka nimevaa kila kitu. Ovaroli la buluu lenye mistari inayong'aa, koti la usalama, kofia ngumu kichwani, miwani, buti za chuma. Nani atasema nimefukuzwa?

Wakuu, msijaribu kutembea saa moja na buti za chuma. Nilifika Manika vidole vinaongea lugha zote za Katanga. Mabodaboda, sisi tunaita taxi-moto, kila mmoja alisimama akidhani basi limeniacha. Mmoja alikataa kuondoka, akanisindikiza mita mia mbili akibembeleza anibebe bure kwa heshima ya marehemu baba yake aliyekuwa mtu wa mgodi. Nikamwambia natembea kwa hiari. Akaniuliza kama nina homa.

Lakini Mama Kapinga hakunipa mkate. Nikaona nimeshinda.

Siku ya pili ya kofia nikageuka njiani nikaona wanaume wawili nyuma yangu. Nikikaza mwendo wanakaza. Nikipunguza wanapunguza. Nikafikiri ni wezi wa simu.

Siku ya tatu walikuwa watano. Na kila mmoja ana bahasha ya kaki kwapani.

Hapo ndipo nikaelewa. Mji wetu huu, miezi hii ya kupunguzwa watu, wanaume wote wanatafuta kazi. Na wakiona mtu mzima amevaa kofia ya mgodi, anatembea haraka asubuhi, hapandi basi, hataki pikipiki, wanajua jambo moja tu: huyu anajua mahali wanapoajiri, na hataki kusema.

Mwisho wa wiki nilikuwa na watu kumi na mmoja nyuma.

Nikasimama nikawaambia ukweli. Jamani, hakuna kazi, mimi natembea kwa sababu ya tension, daktari ameniagiza. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja mrefu, jina lake Kasongo, fundi wa kuchomelea aliyepunguzwa kampuni nyingine, akaguna.

"Tata anaficha. Hakuna mutu anavaaka kofia juu ya tension."

Na hapo, wakuu, alikuwa na haki.

Basi tukaendelea. Wiki mbili zaidi natembea Dilala mpaka Manika na msafara wa bahasha nyuma yangu. Nikifika nilikuwa napanda basi, wao wanabaki wanaangalia basi linakoelekea na kujadiliana. Kesho wapo tena. Walizoea mpaka wakawa wananisubiri kwenye kona kwa Mama Kapinga, na yeye biashara ya mikate ikapanda. Wengine walianza kupungua vitambi. Siku moja nilichelewa, Kasongo akanigombeza.

Veterani wakanicheka sana. Tata Ilunga alisema kazini kwamba Kalonji amefungua kanisa la miguu. Nami nikacheka naye, lakini Jumapili sikurudi tena kwenye vile viti vya plastiki, na haikuwa rahisi. Harufu ya michopo inafika mpaka kwangu. Jumapili ya kwanza nilifunga dirisha nikajilaza kama mgonjwa.

Mashine ya mezani ikawa inasoma kumi na sita. Kisha kumi na tano. Nesi akafurahi. Wiki ya sita ikafika.

Siku ya kupimwa sikutafuna kitunguu saumu. Nilimeza kidonge changu, nikafungua mdomo mke wangu aone, nikaenda. Daktari wa kampuni akafunga kitambaa, akapima, akafungua, akafunga upya, akapima tena. Nikajua nimekwisha.

"Tata Kalonji, ulikunywa nini?"

Nikasema maji. Na vidonge. Akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini kwamba kuna binadamu aliyemsikiliza. Kumi na tatu kwa nane. Akasaini hapohapo: anafaa. Akagonga muhuri. Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka mfuko wa kifuani, nikatoka nikiwa nataka kumkumbatia kila mtu, mpaka mlinzi wa geti.

Orodha ilitoka siku ileile mchana.

Jina langu lilikuwa la nne.

Nilikuwa na karatasi mbili mfukoni, wakuu. Moja inasema nafaa kabisa kufanya kazi, ya pili inasema kazi imekwisha. Muhuri ni uleule, wa kampuni ileile, wino haujakauka. Yule mama wa ofisi aliyenipa barua alinipa na kikaratasi kidogo cha rangi chenye picha ya bahari. Kimeandikwa namna ya kuvuta pumzi.

Tulipunguzwa wengi siku ile. Na Tata Ilunga naye, miaka yote ile ya kusimamia zamu. Tulirudi na basi pamoja, viti vya karibu. Aliposhuka akasema hataki kwenda kwake bado, nikamwambia twende kwangu.

Mama Ngalula alitusoma usoni tukiwa bado getini. Alivuta kiti, akaniketisha mezani, akaleta mashine.

Nikaitoa ile barua nikampa. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Na mimi nikaomba maji. Sikuwa nimefikiria, wakuu, kiu tu ilinishika. Nilipoona uso wake ndipo nilipojua nimesema nini.

Hakwenda kuleta maji. Alimtuma binti, yeye akabaki amenishika bega, akabonyeza mashine.

Ile sauti ya kitambaa kikijaa hewa sitaisahau. Tulisubiri sote watatu.

Kumi na tatu kwa nane.

Akapima tena. Kumi na tatu kwa nane.

Maji yakaja. Nikanywa kikombe chote, nimekaa, macho wazi. Nilimkumbuka baba yangu, nikalia kwa sauti mbele ya Ilunga na sikujali. Laiti mtu angemfunga kile kitambaa mara moja tu kabla ya ile barua. Mara moja tu.

Mke wangu alipomaliza kulia na yeye, akamgeukia Ilunga. Akamwambia leta mkono. Ilunga akajifanya anacheka. Akapimwa. Mama Ngalula hakutusomea ile namba, alikwenda mlangoni akaita taxi-moto mbili. Ilunga alilazwa siku tano. Leo yuko mzima, anameza dawa yake, na kopo lake la sukari analisimamia mke wake. Mpwa wake ile nafasi yangu hakuipata, kwa sababu nafasi yenyewe imefutwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa ileile. Sina basi la kuwahi. Nikakaa kitandani natazama kofia ukutani, nikaiacha pale. Nikavaa kaptula, fulana, na raba za mtoto wa dada yangu zinazonibana, nikatoka.

Kwenye kona Mama Kapinga alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa. Kaptula. Hakuna kofia. Sina haraka. Nikajua leo mkate upo, na leo nitaupokea.

Akanipigia magoti kidogo, akasema kwa heshima zote:

"Tata, tunafurahi. Balikupandisha cheo?"

Ndiyo, wakuu. Huku mtu anayetembea na kaptula asubuhi, bila kwenda popote, ni mkubwa wa kampuni. Wazungu na Wachina ndivyo wanavyofanya. Nilipofukuzwa kweli ndipo nilipopanda cheo Dilala. Jumamosi ile pasta alikuja tena na watu wake, safari hii kuomba mchango wa mabati.

Na ule msafara? Walipoona sina kofia, bahasha zikatawanyika. Walisimama kidogo, wakajadiliana, mmoja mmoja wakaondoka kumtafuta mtu mwingine mwenye kofia. Akabaki Kasongo peke yake. Nikamwambia ndugu yangu, sasa hata hiyo kazi ya kuficha sina. Akasema anajua, amesikia. Akaweka bahasha yake kwa Mama Kapinga aitunze.

"Twende tu, tata. Mi nilizoea."

Tukaenda. Siku hizi tuko watatu, Ilunga naye anakuja, tunatembea kwa mwendo wake kwa sababu daktari amemkataza haraka. Anaongea njia nzima.

Nilichojifunza ni hiki. Kampuni ilinipima ili ijue kama benne lake liko salama. Mke wangu alinipima ili ajue kama mimi nipo. Nilitumia wiki zote zile kuogopa kampuni na miaka kumi na moja kulea kitambi kwa ajili ya wakwe, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo pale mezani kile kitambaa kilipokuwa kinajaa hewa.

Kazi naitafuta. Ile karatasi ya "anafaa" naitembeza kila ofisi, kwenye bahasha ya kaki. Mwenye taarifa ya benne huko kwenu asiwe mchoyo.

Na wewe unayesoma hapa umeegemea kochi, umepima lini mara ya mwisho? Semeni chini hapo, na namba mziandike. Mwenye kusema "mimi najisikia vizuri tu" atajibiwa na Mama Ngalula mwenyewe, ameshavuta kiti.